Mshono wa Katikati

Tuko tisa, na picha mia mbili na kumi na moja.
Kiwanda cha chapa huhesabu kwa kumi na sita:
kurasa sitini na nne, alisema mwenye mashine kwa simu,
ukizidisha moja utalipia kumi na sita.
Basi nimekaa Lochee, magharibi ya Dundee,
chumba cha juu ya duka la mikate,
nachinja.

Senga Petrie kaleta theluthi nzima peke yake,
mbwa wale wale, ufuko ule ule,
na kila mbwa, kwake, ana haki ya ukurasa wa kulia.
Bronek hataki pambizo. Anataka picha ifike ukingoni
imwagike nje ya karatasi.
Nikamwambia kisu cha kiwanda hula milimita tatu,
chagua utakachokipa: kidole cha bibi harusi
au ncha ya mnara wa kanisa.
Akanuna hadi chai ikapoa.
Akatoa kidole.

Fahali wawili hawakai zizi moja.
Niliweka moto wa Hilltown kushoto,
na kulia puto la Rukhsana, mkononi mwa mtoto;
moto ukala puto.
Nikalihamishia mbele ya ukuta mtupu, likapaa.
Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Ikifanikiwa haionekani.

Halafu mshono.
Mshono wa katikati ya kitabu ni koo.
Picha pana ya Ishbel, wanawake kumi na mmoja
wakingoja basi ndani ya ukungu:
nilipoitandaza kurasa mbili, wa sita akamezwa,
koti, mfuko wa viazi, nusu ya uso.
Nikaisogeza. Akamezwa wa tano.
Nikaipunguza ikae ukurasa mmoja,
wote wakapona, wote wakawa punje za mtama.
Ishbel akatazama kwa muda mrefu.
"Itandaze. Limeze limtakaye," alisema.
"Mama yangu ni wa tisa."

Toleo la kishikwambi halina koo.
Halina kushoto wala kulia,
na chombo chenyewe hakijui rangi:
puto jekundu limekuwa jivu.
Ukikuza herufi, kila kitu kinateleza chini,
picha huku, maelezo yake kurasa tatu mbele,
kama ndugu waliogombania shamba.

Nilitaka kulitupa. Lakini Alasdair Gourlay,
miaka themanini na mmoja, husoma humo tu,
herufi kubwa kama viberiti, maneno manne kwa ukurasa.
Macho yake yamebaki kingo;
katikati pameliwa.

Nyuma ya kila picha kuna nafasi iliyofichwa
ya maneno, ili mashine imsomee asiyeona.
Kwa picha yake, kiwanda cha juti siku kilipofungwa,
nilikuwa nimeandika: *Wanaume langoni.*
Mashine ikasoma. Alasdair akacheka.
"Wangapi? Nani hana kofia? Na mbwa je?"

Mimi ni wa Muheza, mtoto wa korona ya mkonge,
mtu anayetoka kiwandani namjua kwa mabega.
Nikahesabu mabega. Kumi na watatu.
Asiye na kofia nikampata, anatazama viatu.
Mbwa hakuna.
"Yupo," alisema. "Alinipiga mguu na mkia,
ndiyo maana picha imeinama kidogo."

Kuinama nilikuwa nimekunyoosha mwenyewe, wiki iliyopita,
na nilivyonyoosha nilikata.
Nikafungua picha ya asili. Ukingoni kabisa, kushoto,
kitu kama ufagio.

Nimeirudisha ilivyoinama.
Kwenye karatasi, kile kisu kitakula nusu ya ufagio,
nimeshapiga simu, mwenye mashine hana la kufanya.
Senga sijamwambia kuna mbwa mwingine.
Ila kule nyuma ya picha, pasipo kisu, nimeandika:
*Wanaume kumi na watatu langoni. Mmoja hana kofia.
Ardhi imeinama.
Kushoto kabisa, mkia wa mbwa, unatikisika.*